Nyota Isiyo Nyota: Istilahi za Kiswahili na Elimu ya Nyotamkia



1.0 Utangulizi

Awali ya yote natoa shukrani kwa waandaaji wa mhadhara huu kwa kunipa nafasi ya kusema mbele yenu. Huenda baadhi yenu mlipoisoma mada mlijiuliza ni lini taaluma ya Kiswahili ilipoanza kujishughulisha na vyombo vya anga. Naomba mnivumilie. Mada yangu ni istilahi, na istilahi haiwezi kuchunguzwa barabara pasipo kukitazama kile inachokitaja.

Tarehe 12 Novemba 2014, chombo kidogo kiitwacho Philae kilitua juu ya gimba la barafu na vumbi lililokuwa umbali wa zaidi ya kilometa milioni 500 kutoka duniani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo kilichoundwa na binadamu kutua taratibu juu ya gimba la aina hiyo. Mswahili aliyetaka kumsimulia jirani yake habari hiyo alikuwa na njia tatu za kuisema: kwamba chombo kimetua juu ya kimondo, au kwamba kimetua juu ya nyota yenye mkia, au kwamba kimetua juu ya kometi. Sentensi ya kwanza inataja kitu kingine kabisa. Ya pili, ikichukuliwa neno kwa neno, inasema jambo lisilowezekana, kwa kuwa hakuna chombo kiwezacho kutua juu ya nyota. Ya tatu haina kosa, lakini haimwambii lolote jirani asiyelijua neno hilo.

Katika mhadhara huu nakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba yale yaliyogunduliwa na vyombo vya anga tangu mwaka 1986 yanatupa msingi wa kuchagua kati ya majina haya, na kwamba jina linalofaa tayari limo katika lugha yetu. Pili, kwamba njia iliyotumiwa na wanasayansi kuyasoma magimba haya haiko mbali na ile tunayoitumia sisi katika kuzisoma nakala za kale.

2.0 Majina na yale yanayoyabeba

Neno kimondo ni la zamani, na wapo wanaolitamka kimwondo. Humaanisha mwanga unaokatiza angani usiku kwa nukta chache kisha ukatoweka. Katika imani ya Waislamu wa pwani, vimondo ni mapande ya moto wanayorushiwa mashetani wanaojaribu kudukiza siri za mbinguni. Huko nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, neno hilohilo limepewa kitu kinachoshikika kwa mkono: Kimondo cha Mbozi, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani zipatazo 16, lililopo mkoani Songwe.

Sasa mfikirieni mwanafunzi aliyefika Mbozi akaligusa pande lile, kisha akasoma kwamba chombo cha anga kimetua juu ya kimondo. Ataona akilini mwake chuma kizito. Ukweli ni kinyume chake. Gimba ambalo Philae ilitua juu yake lina uwazi mwingi ndani, kiasi kwamba densiti yake ni kama nusu tu ya ile ya maji. Kama ingewezekana kulitia baharini likabaki kama lilivyo, lingeelea. Chuma cha Mbozi kingezama mara moja. Kuviita vitu hivi viwili kwa jina moja ni kumpotosha mwanafunzi kabla hajaanza kujifunza.

Hata hivyo, tusidhani kwamba hakuna uhusiano wowote kati ya majina haya. Kila mwezi wa Mei na kila mwezi wa Oktoba, dunia hupita katika vumbi lililoachwa na nyotamkia ya Halley, na chembe za vumbi hilo huungua katika hewa yetu na kuonekana kuwa vimondo. Vimondo vya namna hiyo, basi, ni uzao wa nyotamkia. Vimondo vya chuma kama kile cha Mbozi vina asili nyingine. Wataalamu hueleza kuwa vinatokana na viini vya sayari ndogo zilizovunjika zamani sana. Tukitenganisha majina tutaweza kuueleza uhusiano huu. Tukiyachanganya, hatutakuwa na namna ya kusema kwamba kimondo kimetokana na nyotamkia, maana tutakuwa tumesema kimondo kimetokana na kimondo.

Jina la pili, nyota yenye mkia, ni maelezo ya kile kilichoonekana kwa macho. Katika hili Waswahili hawakuwa peke yao. Neno la Kiyunani ambalo lugha za Ulaya zimelirithi, na ambalo sisi tukilikopa tunalitamka kometi, lina maana ya kitu chenye nywele ndefu. Waarabu huita mudhannab, yaani chenye mkia. Wachina huita nyota ya ufagio. Kila umma ulitaja umbo lililoonekana kutoka chini, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Kwa mintarafu hiyo, anayedai kwamba kometi ni neno la kisayansi zaidi kuliko nyota yenye mkia anasahau kwamba amebadilisha mkia kwa nywele tu.

3.0 Kiini kilipoonekana

Elimu ya nyotamkia ilipiga hatua kubwa mwaka 1705, Mwingereza Edmond Halley alipochapisha hesabu zake na kubashiri kwamba ile iliyoonekana mwaka 1682 ingerudi. Ilionekana tena mwishoni mwa mwaka 1758, yeye mwenyewe akiwa amekwisha fariki. Tangu hapo ilijulikana kwamba baadhi ya nyotamkia hulizunguka jua kwa vipindi maalumu. Lakini nyotamkia ni kitu gani hasa? Mwaka 1950 Mmarekani Fred Whipple alipendekeza kwamba katikati yake kuna bonge la barafu lililochanganyika na vumbi, na kwamba likikaribia jua barafu hiyo hugeuka gesi na kupeperusha vumbi. Lilikuwa pendekezo zuri, ila hakuna jicho lililokuwa limekiona kiini chenyewe, kwa kuwa kiini hufunikwa na ukungu wa gesi na vumbi hilohilo.

Nafasi ilikuja Machi 1986, nyotamkia ya Halley iliporudi. Vyombo vitano vilitumwa kuilaki: Vega 1 na Vega 2 vya Urusi ya Kisovieti, Suisei na Sakigake vya Japani, na Giotto cha Shirika la Anga la Ulaya. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi, Giotto ilipita umbali wa chini ya kilometa 600 kutoka kwenye kiini, kwa kasi ya kilometa 68 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo punje ya vumbi huwa kama risasi. Sekunde chache kabla ya kufika mahali pa karibu zaidi, chombo kilipigwa kikayumba, na kamera yake haikufanya kazi tena. Picha zilizokuwa zimekwisha pokewa duniani zilitosha. Zilionyesha kiini chenye urefu wa kilometa 15 hivi, na kilichorudisha takriban asilimia 4 tu ya mwanga wa jua. Kile ambacho umma wa dunia nzima uliita nyota kilikuwa, katika kiini chake, cheusi mithili ya makaa.

Sehemu ya pili ya jina nayo ilihitaji kuelezwa upya. Kwa kawaida mkia hufuata nyuma ya mnyama. Mkia wa nyotamkia haufuati njia ya nyotamkia, bali hukimbia jua. Mwanga wa jua husukuma vumbi, na upepo wa jua, ambao ni chembe zenye umeme zitokazo kwenye jua bila kukoma, husukuma gesi. Ndiyo maana mara nyingi huonekana mikia miwili, mmoja wa vumbi na mmoja wa gesi. Nyotamkia inapokwenda zake mbali na jua, mikia hiyo hutangulia mbele. Mjerumani Ludwig Biermann aliutambua upepo wa jua mwaka 1951 kwa kuchunguza mikia hii, kabla ya chombo chochote kuupima angani.

Basi nyota si nyota, na mkia haukai nyuma. Je, jina letu limebatilika? Nitalirudia swali hili baada ya kuisimulia safari ya Rosetta.

4.0 Safari ya Rosetta

Chombo kilichoibeba Philae kiliitwa Rosetta. Jina hilo linatuhusu sisi wanalugha. Katika mji wa Rashid huko Misri, ambao Wazungu huuita Rosetta, askari wa Napoleon walikuta mwaka 1799 jiwe lenye tangazo moja lililoandikwa kwa hati tatu: hati ya picha ya Wamisri wa kale, hati yao ya matumizi ya kila siku, na Kiyunani. Mnara uliotoka katika kisiwa cha Philae nao ulikuwa na majina ya wafalme katika hati mbili. Kwa kulinganisha maandishi hayo, Mfaransa Jean-François Champollion aliweza mwaka 1822 kutangaza jinsi hati ya picha inavyosomeka. Wanasayansi wa Ulaya waliviita vyombo vyao kwa majina hayo wakitumaini kwamba nyotamkia, zilizohifadhi mata ya tangu kuundwa kwa sayari yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita, zingesomeka vivyo hivyo.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Rosetta ilikusudiwa kurushwa mwanzoni mwa mwaka 2003 kwenda kwenye nyotamkia iitwayo Wirtanen, lakini mwezi Desemba 2002 roketi ya aina ileile iliyokuwa iibebe ilipata ajali, na safari ikaahirishwa. Ikabidi itafutwe nyotamkia nyingine. Ilichaguliwa ile iliyogunduliwa mwaka 1969 na wanasayansi wawili wa Kisovieti, Klim Churyumov na Svetlana Gerasimenko. Rosetta iliondoka tarehe 2 Machi 2004. Ilipita karibu na dunia mara tatu na karibu na sayari ya Mars mara moja ili uvutano wa sayari hizo uiongezee mwendo. Kwa kuwa ilitumia umeme wa jua tu, ilipofika mbali ambako mwanga ni hafifu ililazwa usingizi kwa miezi 31, ikaamka tarehe 20 Januari 2014. Ilifika mwisho wa safari tarehe 6 Agosti mwaka huohuo.

Hapa naomba wanafunzi wazingatie jinsi lugha yetu inavyoimudu habari hii. Chombo ni neno la mabaharia, lililotaja jahazi na mashua kabla halijataja kitu chochote kirukacho. Rubani alikuwa mwongozaji wa merikebu kabla ya kuwa mwendeshaji wa ndege. Philae nayo ilikuwa na machusa mawili ya kujikita, kama yale ambayo wavuvi wetu huwarushia samaki wakubwa. Ulazima wake ni dhahiri: uvutano wa gimba lile ni mdogo kiasi kwamba chombo chenye kilo 100 hivi hapa duniani, pale kilikuwa na uzito usiozidi gramu chache. Kisiposhikiliwa kingedunda na kuondoka.

Na ndivyo ilivyotokea. Machusa hayakufyatuka. Kijiroketi cha juu kilichokuwa kikikandamize chombo chini nacho hakikufanya kazi. Philae iligusa mahali palipokusudiwa, ikadunda, ikaelea kwa karibu saa mbili, ikagusa tena, na hatimaye ikakwama kivulini penye jabali, kiasi cha kilometa moja kutoka pale ilipogusa kwanza. Jua lilikuwa haba mno kuweza kuchaji betri. Hata hivyo, kwa muda wa siku mbili na nusu hivi betri ya kwanza ilipodumu, ilifanya vipimo na kupeleka majibu, kisha ikazimika. Mahali ilipolala hapakujulikana kwa hakika hadi picha ya Rosetta ya tarehe 2 Septemba 2016 ilipoionyesha. Mwishoni mwa mwezi huo, tarehe 30, Rosetta yenyewe iliteremshwa polepole juu ya nyotamkia ile, na kazi yake ikaishia hapo.

5.0 Shahidi mmoja hatoshi

Miongoni mwa maswali yaliyoipeleka Rosetta kule, lilikuwamo hili: maji ya bahari zetu yalitoka wapi? Wapo wanaodhani kwamba yaliletwa na magimba ya barafu yaliyoigonga dunia ilipokuwa changa. Maji yana alama inayowezesha kuyalinganisha. Katika bahari zetu, kwa kila atomi 6,400 hivi za hidrojeni ya kawaida kuna moja ya hidrojeni nzito. Ikiwa barafu ya nyotamkia ina uwiano huohuo, hoja ya kwamba maji yetu yalitoka huko inapata nguvu.

Vipimo vya nyotamkia ya Halley vilionyesha uwiano unaokaribia mara mbili ya ule wa bahari. Mwaka 2011, darubini ya anga iitwayo Herschel ilipima nyotamkia ya Hartley 2 na kukuta uwiano unaolingana na wa bahari. Mwezi Desemba 2014 yakatangazwa majibu ya Rosetta: zaidi ya mara tatu ya uwiano wa bahari. Wengi wakahitimisha kwamba maji yetu hayakutoka kwenye nyotamkia za namna hii.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2024 ulichapishwa uchambuzi mpya wa vipimo vilevile vya Rosetta. Waandishi wake walisoma vipimo vingi zaidi kuliko vilivyosomwa mwanzo, wakaona kwamba karibu na kiini, penye vumbi jingi, uwiano ulikuwa juu, na kwamba mbali na kiini ulikuwa chini zaidi na kukaribia ule wa bahari. Walihoji kwamba vumbi lilikuwa limekipotosha kipimo cha kwanza. Nyotamkia ilikuwa ileile, chombo ni kilekile, na takwimu zilitoka katika hifadhi ileile; kilichobadilika ni usomaji.

Sisi tuliozoea kuhariri tenzi za kale tunaijua hali hii. Anayeisoma Al-Inkishafi katika nakala mbalimbali hukuta kwamba hazilingani kwa idadi ya beti wala kwa mpangilio wake. Nakala moja haitoshi kumjulisha mhariri alichokitunga mshairi. Humbidi alinganishe, apime mkono wa mnakili, na atofautishe maneno ya mtunzi na yale yaliyoongezeka njiani. Vumbi lililozunguka kiini cha nyotamkia lilifanya kazi ya mnakili. Champollion asingelisoma jiwe la Rashid kama lingekuwa na hati moja, na mwanafalaki hataijua asili ya maji kwa kipimo cha nyotamkia moja kilichochukuliwa mahali pamoja. Aidha, thamani ya hifadhi imedhihirika: takwimu zilizotunzwa vizuri zilizaa elimu mpya miaka minane baada ya chombo chenyewe kunyamaza.

6.0 Batamzinga, garimoshi na nyotamkia

Sasa nalirudia swali nililoliacha. Ikiwa nyota yenye mkia si nyota, je, tulitupe jina hilo?

Jibu langu limo katika mofolojia. Nyota yenye mkia ni kirai. Kila neno ndani yake linabaki na maana yake, na kwa hiyo kirai kizima kinadai kwamba kitu hiki ni nyota. Nyotamkia ni neno moja, nomino ambatani iliyoundwa kwa nomino mbili. Nomino za namna hii hazifungwi na maana ya sehemu zake. Batamzinga si bata, na hakuna mfugaji anayedanganyika kwa jina hilo. Garimoshi liliitwa hivyo kwa moshi uliotoka katika injini zake za zamani. Leo treni inakwenda kwa umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma bila moshi wowote, na atakayeiita garimoshi hatakuwa amekosea. Maneno yanapoambatana, maelezo ya zamani huwa historia ya neno, nayo huacha kuwa dai juu ya kitu.

Nyotamkia, basi, inatuhifadhia kumbukumbu ya jinsi wazee wetu walivyoiona mbingu bila kutulazimisha kuamini kwamba ni nyota. Kisarufi nalo ni jina jepesi: nyotamkia hii, nyotamkia hizi, kiini cha nyotamkia, vumbi la nyotamkia. Hatuhitaji kusema nyota zenye mikia kila inapotajwa zaidi ya moja. Napendekeza, kwa hiyo, nyotamkia kwa magimba haya. Kimondo kwa mwanga unaokatiza angani na kwa pande linaloifikia ardhi. Na sayari ndogo kwa magimba ya mawe na chuma yanayozunguka jua. Kwa sehemu za nyotamkia tuna maneno ya kutosha: kiini, ukungu na mkia. Kometi si haramu, na msomi akikutana nalo alielewe. Lakini lisiwe ndilo neno la kwanza la mtoto wa shule.

Najua itasemwa kwamba hili ni jambo dogo. Sikubaliani na kauli hiyo. Nchini Tanzania mtoto hufundishwa habari za mfumo wa jua kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha akiingia sekondari hukutana na sayansi kwa Kiingereza. Akija na dhana safi, atakachohitaji ni jina jipya tu. Akija na kimondo kinachomaanisha vitu viwili, itambidi kwanza afute alichojifunza, na atadhani kwamba lugha yake ndiyo iliyomwangusha. Kazi iliyofanywa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 ilionyesha kwamba uwezo tunao. Kinachopungua ni kuendelea, kwa maana sayansi haikusimama mwaka 1990.

7.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba vyombo vya anga vilisahihisha sehemu zote mbili za jina tulilorithi, na kwamba jina lenyewe, likifanywa neno moja, linaweza kuupokea usahihisho huo. Nimeonyesha pia kwamba wanasayansi, kama wahariri wa nakala, hufikia uhakika kwa kulinganisha mashahidi wengi na kwa kukubali kusoma upya. Uundaji wa istilahi nao ufuate mwendo huo: tupendekeze, tupime katika matumizi, na tusione haya kurekebisha.

Nyotamkia ya Halley inatarajiwa kurudi katikati ya mwaka 2061. Wengi wa wanafunzi walioketi hapa watakuwa wazee wakati huo, na wajukuu zao watawauliza kile ni nini. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba watakuwa na jibu, na kwamba watalitoa kwa Kiswahili.